MTAFITI NAYE AWE NA MIIKO

Mwaka 1967 unajulikana kwa kila Mtanzania aliyekaa darasani. Tarehe 5 Februari ya mwaka huo Azimio la Arusha lilitangazwa, na ndani yake ikawekwa Miiko ya Uongozi: kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Watumishi wa Serikali wa vyeo vya kati na vya juu nao waliingizwa humo. Msingi wa miiko hiyo ulieleweka hata na mkulima ambaye hakupata kushika kalamu: mtu hawezi kuamua kwa haki jambo ambalo uamuzi wake utaingia mfukoni mwake mwenyewe.

Nusu mwaka baadaye, katika miezi ya Julai na Agosti, jambo jingine lilitokea mbali na Arusha, ambalo halikupigiwa ngoma wala kutangazwa na redio yoyote. Jarida maarufu la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha makala yenye sehemu mbili kuhusu chakula na ugonjwa wa moyo. Waandishi wake walikuwa wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Harvard: Robert McGandy, Mark Hegsted na Fredrick Stare. Makala hayo yalipitia tafiti zilizokwisha kufanywa na wengine, yakazipima, na kutoa hukumu. Ushahidi uliowahusisha mafuta na lehemu na ugonjwa wa moyo ulipewa uzito. Ushahidi ulioinyoshea kidole sukari ulichambuliwa kwa ukali na kuonekana hafifu. Kama ilivyo desturi, waandishi waliwashukuru waliowasaidia kwa fedha, yakiwemo mashirika ya viwanda. Mfadhili mmoja tu hakutajwa. Huyo alikuwa ni Sugar Research Foundation, yaani chombo cha wenye viwanda vya sukari wa Marekani, ambacho kiliwalipa dola 6,500 kwa kazi hiyo hiyo. Kwa thamani ya mwaka 2016 kiasi hicho kinakaribia dola 50,000.

Siri hiyo ilidumu miaka 49. Ilifichuliwa mwaka 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakiongozwa na Cristin Kearns, daktari wa meno aliyeamua kupekua barua za zamani zilizohifadhiwa katika maktaba za vyuo. Barua hizo zinaeleza mambo kinaganaga. Ofisa wa chombo hicho cha sukari, John Hickson, ndiye aliyeagiza makala yaandikwe. Ndiye aliyeeleza shabaha yake. Alipeleka baadhi ya tafiti alizotaka zijibiwe, akaletewa rasimu kabla ya jarida kuziona, na alipoisoma ya mwisho akawaandikia wataalamu kwamba hicho ndicho hasa alichokuwa akikikusudia.

Mtu akitafakari jambo hilo kwa makini ataona kwamba kosa lake si dogo kama linavyotaka kuonekana. Hakuna aliyedai kwamba wataalamu hao walibuni tarakimu. Mafuta ya wanyama hayakugeuka kuwa dawa ya moyo kwa sababu tu barua za Hickson zimeonekana, na mtu anayetaka kujitetea kwa nyama choma yake asilitumie jambo hili. Kosa ni kwamba msomaji aliyelifungua jarida lile, awe daktari wa Boston au mwanafunzi wa udaktari wa Dar es Salaam, aliambiwa kwamba anasikiliza hukumu ya hakimu, kumbe alikuwa akisikiliza maelezo ya wakili wa upande mmoja. Wakili naye huweza kusema kweli. Lakini mahakamani kila mtu hujua yule ni wakili wa nani.

Wapo wanaowatetea wataalamu wale kwa kusema kwamba zama zile ndivyo mambo yalivyokuwa. Majarida hayakuwa yamewataka waandishi wataje maslahi yao. Jarida lenyewe lililohusika lilianza kudai hivyo mwaka 1984. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayowahukumu. Kama hapakuwa na sharti lolote, basi hapakuwa na sharti la kuwataja wafadhili wengine pia, nao wakatajwa. Aliyeachwa nje ni yule mmoja ambaye jina lake lingemfanya msomaji ayasome makala kwa jicho jingine. Mtu husahau kwa bahati mbaya, lakini ni nadra kwa bahati mbaya hiyo kuchagua vizuri namna hiyo.

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba wenye sukari hawakuwa wakitafuta ukweli hata kidogo. Mwaka 1968 chombo hicho hicho kiligharimia uchunguzi wa panya katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Panya wengine walilishwa sukari, wengine wanga. Dalili za mwanzo zilionyesha kwamba sukari ilihusiana na ongezeko la mafuta katika damu, na pia na kimeng'enya ambacho wakati huo kilihusishwa na saratani ya kibofu cha mkojo. Mtafiti aliomba apewe wiki 12 zaidi amalize kazi. Fedha zikakatwa mwaka 1970, na matokeo hayakuchapishwa. Dunia iliyajua mwaka 2017, baada ya barua nyingine kupekuliwa. Katika miaka hiyo hiyo ambapo kazi ya Birmingham ilikuwa imefungiwa, mtaalamu wa lishe wa Uingereza, John Yudkin, alichapisha kitabu mwaka 1972 akiionya dunia juu ya sukari, akabezwa na wenzake kama mtu asiye na ushahidi. Ushahidi mmojawapo ulikuwa umefungiwa kabatini na mtu aliyeununua.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa fedha za siri. Fikra ya kawaida ni kwamba kampuni humnunua mtafiti aseme uongo. Kampuni yenye akili haina haja ya uongo. Huchagua swali litakaloulizwa na lile lisiloulizwa. Huchagua chakula au dawa ya kulinganisha nayo. Hukaa na matokeo mabaya na kuyatangaza mazuri. Kila sentensi iliyochapishwa inaweza kuwa ya kweli, na bado umma ukadanganywa kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Tarakimu zipo kwa wale wanaotaka tarakimu. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Deborah Barnes na Lisa Bero, walikusanya makala 106 ya mapitio yaliyohusu moshi wa sigara unaovutwa na mtu asiyevuta. Makala 39 yalisema moshi huo hauna madhara. Kati ya hayo 39, waandishi wa makala 29 walikuwa na uhusiano na viwanda vya tumbaku. Mwaka 2013 watafiti wengine walitazama mapitio yaliyohusu vinywaji vyenye sukari na unene wa mwili. Katika yale ambayo waandishi wake hawakuwa na maslahi, asilimia 83 ya hukumu zilisema vinywaji hivyo vinaweza kunenepesha. Katika yale yenye maslahi, asilimia ile ile 83 zilisema ushahidi hautoshi. Tafiti zilizosomwa na pande zote mbili zilikuwa zile zile za ulimwengu mmoja. Kilichobadilika ni mlipaji.

Wapo pia waandishi ambao hawakuandika. Mwaka 2001 jarida moja la Marekani la magonjwa ya akili ya watoto lilichapisha utafiti ulioitwa 329, ukiisifu dawa ya paroxetine kwamba inawafaa vijana wenye sonona na haiwadhuru. Makala hayo yalikuwa na majina 22 ya wataalamu. Rasimu yake ya kwanza iliandikwa na mwandishi wa kukodiwa aliyelipwa na kampuni ya dawa. Mwaka 2015 watafiti wengine walizichambua upya takwimu zile zile na kuchapisha matokeo yao katika jarida la BMJ: dawa hiyo haikuwafaa vijana kuliko kidonge kisicho na dawa, na madhara yake, yakiwemo mawazo ya kujiua, yalikuwa makubwa. Miaka mitatu kabla ya hapo kampuni yenyewe, GlaxoSmithKline, ilikwisha kukubali kulipa dola bilioni 3 kumaliza mashtaka nchini Marekani, mojawapo likiwa ni kuitangaza dawa hiyo kwa watoto ambao haikuidhinishwa kwa ajili yao. Majina 22 ya wasomi, na kalamu ya mtu wa ishirini na tatu!

Mtumishi wa Serikali aliyepo Dodoma au mwalimu aliyepo Sumbawanga anaweza kuuliza: hayo ya Boston na Birmingham yanamhusu nini? Yanamhusu sana. Dawa zinazonunuliwa kwa fedha za umma na kupelekwa katika zahanati huchaguliwa kwa kutegemea tafiti, na nyingi ya tafiti hizo hazifanywi Tanzania. Vitabu vinavyomweleza mwanafunzi chakula kipi kinajenga mwili na kipi kinaubomoa hutegemea tafiti hizo hizo. Mwalimu wa baiolojia husimama mbele ya ubao akiamini kwamba anafundisha sayansi. Hajui, wala hana njia ya kujua, kwamba sentensi moja katika kitabu chake ilianza safari katika ofisi ya mwenye kiwanda. Nchi tajiri ikidanganywa ina maabara za kujisahihisha. Nchi maskini ikidanganywa hulipa mara mbili, kwanza kwa kuinunua dawa isiyofaa, kisha kwa kumtibu mgonjwa aliyeitumia.

Jambo hili si geni katika ardhi ya Tanzania. Mwaka 1978 daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Dar es Salaam aliandika katika jarida la Lancet kuhusu dawa nchini, na akaonyesha kwamba kulikuwa na mwakilishi mmoja wa kampuni za dawa kwa kila madaktari wanne. Huo ulikuwa wakati ambapo wilaya nzima ingeweza kuwa na daktari mmoja au wawili. Wauzaji hao hawakuja kwa ajili ya utalii. Walikuja na makala zilizochapishwa vizuri, na kila makala ilikuwa na jina la profesa.

Na Afrika imepata kuonja uchungu mkubwa zaidi ya huo. Mwaka 1996, wakati ugonjwa wa uti wa mgongo ulipowashambulia watu wa Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilifika na kuwajaribia watoto dawa yake mpya, Trovan. Watoto 200 waliingizwa katika jaribio hilo, nusu wakapewa dawa mpya, nusu dawa ya kawaida. Watoto 11 walifariki, watano katika kundi la dawa mpya na sita katika lile jingine, na wazazi wa wengine walilalamika kwamba watoto wao walibaki na ulemavu. Kampuni ilishikilia kwamba ugonjwa ndio ulioua. Huenda. Lakini barua ya kamati ya maadili iliyotumiwa kuonyesha kwamba jaribio liliidhinishwa ilibainika kuwa iliandikwa baadaye na kupewa tarehe ya nyuma, na mzozo huo ulimalizwa mwaka 2009 kwa makubaliano ya dola milioni 75 kati ya kampuni na Jimbo la Kano. Kampuni ndiyo iliyokuwa mwenye dawa, mwenye fedha na mwenye takwimu. Mzazi aliyesimama mlangoni mwa hospitali na mtoto mikononi angewezaje kujua kwamba mkarimu aliyemkuta pale alikuwa na biashara yake?

Tangu mwaka 2000 Azimio la Helsinki, ambalo ndilo mwongozo wa madaktari wa dunia katika utafiti juu ya binadamu, linataka mshiriki wa utafiti aelezwe ni nani anayeugharimia na ni maslahi gani yanayogongana. Hilo ni jema. Hata hivyo kuna tofauti kati ya sharti lililoandikwa na sharti lenye meno, na tofauti hiyo ilionekana Marekani kwenyewe, nchi ambayo haiwezi kushukiwa kwamba inawachukia mabepari. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria inayozilazimisha kampuni za dawa na vifaa vya tiba kuripoti kila kitu cha thamani zinachompa daktari, hata chakula cha mchana cha dola zaidi ya kumi, na tangu mwaka 2014 orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu. Mwaka 2018 waandishi wa New York Times na ProPublica walichukua orodha hiyo wakailinganisha na makala za José Baselga, aliyekuwa mganga mkuu wa hospitali kubwa ya saratani ya New York. Walikuta kwamba alikuwa amepokea karibu dola milioni 3.5 kutoka kampuni mbalimbali katika muda wa miaka michache, na kwamba katika makala nyingi hakuzitaja. Siku chache baadaye alijiuzulu. Majarida yote aliyoyaandikia yalikuwa na sharti la kutaja maslahi. Sharti hilo lilitegemea hisani ya mwandishi. Orodha haikutegemea hisani ya mtu. Wafaransa nao waliweka daftari la namna hiyo baada ya sheria ya Desemba 2011, iliyotokana na kashfa ya dawa ya Mediator.

Lakini msomaji aiangalie vizuri sheria ya Marekani. Inawahusu madaktari wa Marekani. Kampuni ikimnunulia daktari wa Chicago chakula cha dola 20 haina budi kukiandika. Kampuni hiyo hiyo ikimlipia daktari wa Dar es Salaam au Mwanza tiketi ya ndege, hoteli ya siku tano na posho, sheria hiyo haimtambui. Mmarekani analindwa dhidi ya sahani ya wali, na Mwafrika hajalindwa dhidi ya safari ya nje. Anayetaka kuona ubaguzi wa siku hizi asihangaike kutafuta mbao za zamani zilizoandikwa rangi za watu milangoni.

Wapo wasomi watakaosema kwamba kumtaka mtafiti ataje anayemlipa ni kumdhalilisha, kwa kuwa mtu aliyesoma miaka ishirini hawezi kununuliwa kwa kalamu na begi la semina. Wasomi hao wangejiuliza kwa nini basi kampuni, ambazo hazitupi hata senti moja bila hesabu, zinaendelea kununua kalamu na mabegi. Kiongozi wa umma hutakiwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 atoe tamko la mali na madeni yake, na hakuna anayesema kwamba tamko hilo ni matusi. Waziri anatangaza shamba lake na daktari bingwa anaona haya kutangaza tiketi yake?

Wengine, na hawa ndio wengi, watasema kwamba masharti yatawafukuza wafadhili. Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, maana utafiti una gharama na fedha za ndani hazitoshi. Maradhi ya Mtanzania hayawezi kuchunguzwa kwa maneno. Lakini kutaja si kukataza. Mfadhili ambaye fedha zake ni safi hapotezi kitu jina lake likiandikwa kwa herufi kubwa. Kwa kawaida hufurahi. Atakayefungasha virago kwa sababu tu jina lake litaandikwa atakuwa amekwisha kueleza mwenyewe alikuja kufanya nini. Chanjo nyingi njema zimepatikana kwa fedha za viwanda, na mtu mwenye akili timamu hataki viwanda vifungwe. Anachotaka ni kujua.

Kuna pia wale wanaojidanganya kwamba mstari mmoja wa herufi ndogo mwishoni mwa makala umemaliza kazi. Mtafiti akiandika kwamba amelipwa na mwenye dawa, kisha akaketi katika kamati inayoamua kama dawa hiyo inunuliwe, atakuwa ameungama na kuendelea na dhambi kwa wakati mmoja. Azimio la Arusha halikumwambia kiongozi atangaze hisa zake na kubaki nazo. Lilimwambia achague.

Nyenzo za kuanzia Tanzania inazo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ipo kwa sheria ya mwaka 1979. Kuna kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya, na kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Vyombo hivyo vinaweza kudai kwamba kila ombi la utafiti litaje katika ukurasa wake wa kwanza, si katika kiambatisho, ni nani anayetoa fedha, ni nani atakayemiliki takwimu, na ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya kuchapisha matokeo. Na kwamba mkataba wowote unaompa mfadhili uwezo wa kuyazuia matokeo usikubaliwe. Fomu anayoisaini mshiriki iyaeleze hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka na mama aliyemleta mtoto wake, wala si kwa tafsiri ya Kiingereza cha wanasheria. Mjumbe wa kamati ya dawa mwenye uhusiano na kampuni atoke nje ya chumba wakati dawa ya kampuni hiyo inapojadiliwa, na muhtasari wa kikao uandike kwamba alitoka. Na kila malipo ya kampuni ya dawa kwa daktari, kwa mhadhiri, kwa chama cha kitaaluma au kwa hospitali ya rufaa, iwe ni fedha taslimu, tiketi, ukumbi wa mkutano au chakula cha semina, yaandikwe katika daftari moja la taifa, yakiwa na jina la aliyetoa, jina la aliyepokea na kiasi, na daftari hilo liweze kusomwa na mwalimu wa Sumbawanga bila kuomba kibali cha mtu yeyote.